Kitenzi cha Kiingereza na Maneno Yaandamanayo Nacho: Mashauri kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa Darasa la Tano, katika shule moja ya pembezoni mwa Temeke, anarudi darasani baada ya mapumziko na kukuta daftari lake halipo. Kipindi ni cha Kiingereza, na kanuni ya darasa ni kwamba katika kipindi hicho husemwa Kiingereza tu. Mtoto anasimama, anafikiri kidogo, kisha anasema: "Teacher, they have stolen me an exercise book." Wenzake wanaangua kicheko. Mwalimu anamwambia amekosea, anamwamuru aketi, na somo linaendelea.

Mfano huu tumeutunga, lakini kila mwanachuo aliyekwisha kufanya mazoezi ya kufundisha amepata kuona mambo yanayofanana nao. Mtoto yule amepoteza vitu viwili kwa siku moja: daftari, na ujasiri wa kusema. La kwanza litanunuliwa jingine. La pili halinunuliki.

Tuitazame tena sentensi yake. Alitaka kusema, "Wameniibia daftari." Kila kipande cha sentensi hiyo amekitafutia neno la Kiingereza: "wa-" ni "they", "-me-" ni "have", "-ni-" ni "me", "-ib-" ni "stolen". Kipande kimoja tu kimebaki bila neno, nacho ni kile kiambishi kidogo "-i-" kinachobadili "iba" kuwa "ibia". Kiingereza hakina kiambishi cha namna hiyo, hutumia neno lililo nje ya kitenzi, yaani "from": "They have stolen an exercise book from me." Kwa hiyo mtoto hakukosea kwa uzembe. Alifuata sarufi ya lugha anayoijua vizuri, akaipeleka katika lugha ambayo haina sarufi hiyo. Mwalimu asiyeliona jambo hili atamwona mtoto kuwa mjinga; anayeliona anajua papo hapo la kumfundisha.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Tangu miaka ya mwisho ya 1960, baada ya Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea vya mwaka 1967, Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali nchini Tanzania, na Kiingereza ni somo. Lakini mtoto huyu huyu akifaulu kwenda sekondari atakuta jiografia, biolojia na hisabati zinafundishwa kwa Kiingereza. Akifika huko na orodha ndefu ya vitenzi alivyokariri, lakini hajui kila kimoja huungana vipi na maneno mengine, hataweza kuandika jibu la maana hata kama somo lenyewe amelielewa. Tena mtoto aliyenyamazishwa katika Darasa la Tano aghalabu huwa kimya katika Kidato cha Kwanza.

Makala haya yanakusudia kumweleza mwanachuo jinsi vitenzi vya Kiingereza vinavyoungana na majina, viwakilishi na virai vya vihusishi. Mahali ambapo Kiswahili humvuta mtoto upande mwingine. Na njia za kufundisha jambo hilo katika darasa lenye watoto wengi na vitabu vichache.

2. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mengi ndani yake

Chukua neno moja la Kiswahili: "Nitakununulia." Ndani yake mna mtenda, wakati, mtendewa, tendo, na uhusiano wa tendo na mtendewa. Kiingereza kitahitaji maneno sita: "I shall buy it for you." Lugha zote mbili zimesema jambo lile lile, ila Kiswahili kimelisema ndani ya kitenzi, na Kiingereza kimelisema nje yake, kwa maneno yaliyopangwa kwa utaratibu maalumu.

Tofauti hii si ya Kiswahili peke yake. Lugha nyingi za Kibantu zina kauli ya kutendea. Kwa hiyo hata mtoto ambaye nyumbani kwao Mbagala husemwa Kindengereko au Kimakonde, au nyumbani kwao Tegeta husemwa Kinyakyusa, huja shuleni na mazoea hayo hayo.

Sasa angalia jinsi kiambishi kimoja cha kutendea kinavyohitaji vihusishi mbalimbali vya Kiingereza:

Mama amemnunulia mtoto viatu. – "Mother has bought shoes for the child."
Nimemwandikia shangazi barua. – "I have written a letter to my aunt."
Mwizi amemwibia mzee fedha. – "A thief has stolen money from the old man."
Mvua ilitunyeshea njiani. – "It rained on us on the way."
Mbwa alimrukia mgeni. – "The dog jumped at the visitor."
Hiki ni kisu cha kukatia nyama. – "This is the knife we cut meat with."

Kiambishi ni kimoja. Vihusishi ni sita. Mtoto hana njia ya kukisia kihusishi gani kinatakiwa, maana Kiswahili chake hakimpi dalili yoyote. Hapana budi afundishwe, na afundishwe kitenzi kimoja kimoja. Kanuni kuu ya makala haya inatokana na jambo hilo: usimfundishe mtoto kitenzi cha Kiingereza peke yake, kifundishe pamoja na maneno yaandamanayo nacho. Usiandike ubaoni "listen = sikiliza". Andika "listen to the teacher". Usiandike "wait = ngoja". Andika "wait for me".

Walimu wa nchi nyingine walikwisha kukutana na tatizo hili. Harold Palmer na A. S. Hornby, Waingereza waliofundisha Japani katika miaka ya 1920 na 1930, waliona kwamba wanafunzi wao walijua maana za vitenzi vingi lakini hawakujua kuvitumia katika sentensi. Kamusi ambayo Hornby na wenzake waliitunga ilitolewa Tokyo mwaka 1942, na mwaka 1948 ikachapishwa tena na Oxford University Press. Ilikuwa na jambo jipya: kila kitenzi kiliwekewa alama ya kuonyesha miundo ya sentensi inayokubaliana nacho. Mwaka 1954 Hornby alitoa kitabu kingine kilichoeleza miundo 25 ya vitenzi. Mwalimu wa shule ya msingi hahitaji miundo yote hiyo. Makundi matano yatamtosha kwa kuanzia.

3. Makundi matano ya vitenzi

Kundi la kwanza: vitenzi visivyohitaji yambwa. Yambwa ni mtu au kitu kinachopokea tendo. Vitenzi kama "sleep", "cry", "arrive" na "go" hujitosheleza: "The baby is sleeping." "The bus has arrived." Vikihitaji kuongezewa habari, huongezewa kirai cha kihusishi: "The baby is sleeping on the mat." "The bus has arrived at Tandika." Kundi hili ni jepesi, isipokuwa kwa vihusishi vya mahali, ambavyo tutavirudia.

Kundi la pili: vitenzi vinavyoshika yambwa moja kwa moja, bila kihusishi. Miongoni mwake ni "eat", "read", "see", "answer", "enter", "reach" na "discuss". Vitatu vya mwisho ni vya hatari. Kwa kuwa Kiswahili husema "kuingia katika chumba", mtoto husema "enter in the room", badala ya "enter the room". Kwa kuwa husema "kufika shuleni", husema "reach at school", badala ya "reach school". Na kwa kuwa husema "kujadiliana kuhusu", husema "discuss about the matter". Kosa hili la mwisho hata sisi walimu tunalo, tena tunalirudia katika mikutano yetu. Tujisahihishe sisi kwanza.

Kundi la tatu: vitenzi vinavyohitaji kihusishi kabla ya yambwa. Hapa mambo ni kinyume cha kundi la pili. Kiswahili hushika yambwa moja kwa moja, na Kiingereza huweka kihusishi:

nisikilize – "listen to me"
ningoje – "wait for me"
walinicheka – "they laughed at me"
ninakutegemea – "I depend on you"

Mtoto yule aliyepoteza daftari, akitaka kueleza kicheko cha wenzake, atasema "They laughed me." Ni kosa lile lile la mwanzo, limekuja kwa njia nyingine.

Angalia pia jinsi kihusishi kinavyoweza kubadili maana ya kitenzi chote. "Look at" ni kutazama, "look for" ni kutafuta, na "look after" ni kutunza. Kiswahili kina vitenzi vitatu tofauti. Kiingereza kina kitenzi kimoja na vihusishi vitatu. Mtoto anayesema "I am looking my pen" hajaacha neno dogo tu. Ameacha nusu ya kitenzi. Hali kadhalika "ask". Kiswahili hutenga "kuuliza" na "kuomba", lakini Kiingereza husema "He asked me a question" kwa kuuliza, na "He asked me for a pen" kwa kuomba. Ukiondoa "for" katika sentensi ya pili, maana inapotea.

Kundi la nne: vitenzi vyenye yambwa mbili, yaani kitu kinachotolewa na mtu anayekipokea. Vitenzi hivi ni muhimu sana darasani: "give", "send", "show", "lend", "bring", "teach", "tell", "buy", "make", "cook". Hukubali mipango miwili:

"Asha gave her brother a mango."
"Asha gave a mango to her brother."

Katika mpango wa kwanza mtu hutangulia, na kihusishi hakipo. Katika mpango wa pili kitu hutangulia, na lazima kihusishi kiwepo. Makosa hutokea mtoto anapoichanganya mipango hii miwili: "Asha gave to her brother a mango." Mpango wa kwanza unafanana na Kiswahili, "Asha alimpa kaka yake embe", kwa hiyo anza na huo, na wa pili uje baada ya wa kwanza kukomaa.

Kihusishi cha mpango wa pili ni "to" au "for". Mwalimu anaweza kutumia kipimo rahisi. Kama kitu, habari au ujuzi unamfikia mtu moja kwa moja, tumia "to": "give it to him", "show it to her", "teach English to the children". Kama kazi inafanywa kwanza kwa faida ya mtu, ndipo apewe, tumia "for": "buy shoes for the child", "cook rice for the visitors", "make a kite for your brother".

Kundi la tano: vitenzi vinavyofanana kwa maana na vya kundi la nne, lakini vina mpango mmoja tu. Hivi ni kama "explain", "say" na "describe". Kitu hutangulia, mtu hufuata, na "to" haiachwi: "The teacher explained the sum to us." Mtoto husema "The teacher explained us the sum", kwa kuwa "alitueleza hesabu" hufanana kabisa na "alitupa kitabu". Kiswahili hakitofautishi, Kiingereza hutofautisha. Hali ni hiyo hiyo kwa "say" na "tell". "Tell" ni kuambia, na hushika mtu: "Tell me." "Say" ni kusema, na hushika maneno: "Say it to me." Hapa Kiswahili kinaweza kutusaidia, kwa maana hatusemi "alinisema" tukikusudia "aliniambia". Mwonyeshe mtoto kwamba tofauti hiyo tayari anayo.

4. Mahali pa kiwakilishi

Kiwakilishi cha yambwa huleta makosa ya namna mbili ambayo yanaonekana kupingana: mara mtoto hukiacha, mara hukizidisha. Chanzo chake ni kimoja. Katika Kiswahili kiwakilishi hicho ni kiambishi ndani ya kitenzi, wala si neno linalojitegemea.

Hukiacha pale ambapo Kiswahili hakikihitaji. Mwalimu akiuliza, "Umeleta kitabu?" mtoto hujibu, "Nimeleta," na jibu hilo limetimia. Kwa Kiingereza husema "I have brought," na jibu halikutimia, inatakiwa "I have brought it." Vivyo hivyo "Umempa dada kalamu?" hujibiwa "Nimempa." Kitenzi cha Kiswahili kina nafasi moja tu ya kiambishi cha yambwa, na mtu ndiye huichukua, kalamu hueleweka bila kutajwa. Kiingereza hutaka vyote viwili vitajwe: "I have given it to her."

Hukizidisha pale ambapo Kiswahili hutaja yambwa mara mbili. Tunasema "Nimemwona Juma", na "-mw-" ni huyo huyo Juma. Mtoto husema "I have seen him Juma." Tunasema "Kalamu nimeipoteza", mtoto husema "The pen I have lost it." Mfundishe kanuni fupi: katika Kiingereza ama jina ama kiwakilishi, si vyote viwili kwa pamoja. "I have seen Juma", au "I have seen him."

Kuna jambo la tatu, nalo huwatatiza hata wanafunzi wa sekondari. Baadhi ya vitenzi huandamana na neno dogo ambalo si kihusishi, bali ni sehemu ya kitenzi: "pick up", "put on", "take off". Jina laweza kukaa mahali pawili: "Pick up the paper" au "Pick the paper up." Kiwakilishi hukaa katikati tu: "Pick it up." Haisemwi "Pick up it." Lakini kwa "look at" na "wait for" kiwakilishi hufuata mwishoni: "Look at it." Kipimo chake ni kujaribu kulisogeza jina. Husemwa "Take your shoes off", basi husemwa pia "Take them off." Haisemwi "Look the picture at", basi haisemwi "Look it at."

5. Vihusishi vya mahali na mwendo

Linganisha sentensi hizi:

Watoto wako shuleni. – "The children are at school."
Watoto wanakwenda shuleni. – "The children are going to school."
Watoto wanatoka shuleni. – "The children are coming from school."
Juma ametia kalamu mkobani. – "Juma has put the pen into the bag."
Juma ametoa kalamu mkobani. – "Juma has taken the pen out of the bag."

Katika Kiswahili "-ni" hutaja mahali tu, na kitenzi ndicho kinachoeleza kama mtu yupo, anakwenda au anatoka. Katika Kiingereza kazi hiyo hufanywa na kihusishi. Mtoto aliyezoea "-ni" moja hutafuta kihusishi kimoja cha kutumia kila mahali, na mara nyingi huchagua "in" au "at". Mfundishe vihusishi hivi kwa vitendo: mtoto mmoja atie kalamu mkobani, aitoe, aiweke juu ya meza, aiweke chini ya meza, na darasa liseme kila anachofanya. Mkumbushe pia kwamba "home", "here" na "there" havitaki "to" baada ya "go" na "come": "go home", "come here".

Safari za kila siku ni hazina ya mazoezi haya. Mtoto wa Mtoni au wa Mwananyamala hupanda na kushuka, huvuka, husubiri na kuachwa na gari. Husema "I climbed a bus", kwa kuwa "kupanda" ni kwa mti na kwa basi. Kiingereza husema "climb a tree" lakini "get on a bus". "Nilishukia Tandika" ni "I got off at Tandika"; hapo tena kiambishi cha kutendea kimekuwa "at". "Basi limeniacha" huwa "The bus has left me", ilhali Kiingereza humfanya msafiri kuwa kiima: "I have missed the bus." Na neno "kwa" huwa mengi: "by bus", lakini "on foot", "with a knife", lakini "for two hours".

6. Somo la mfano

Kusudi la somo: mwanafunzi aweze kutumia "give" katika mipango yote miwili, kwa majina na kwa viwakilishi. Muda ni dakika 40. Vifaa ni kalamu, chaki, embe, kifuniko cha chupa, na chochote kipatikanacho karibu.

Hatua ya kwanza (dakika 8). Mwite Juma na Asha mbele. Juma ampe Asha embe. Mwalimu aseme mara tatu, taratibu: "Juma gave Asha a mango." Darasa lirudie, kwanza wote, kisha safu moja moja, kisha mtoto mmoja mmoja. Badili watu na vitu.

Hatua ya pili (dakika 10). Andika ubaoni jedwali la kubadilishia maneno, ambalo mtoto huchagua neno moja katika kila safu:

Safu ya 1: Juma / Asha / The teacher / My mother
Safu ya 2: gave / showed / sent
Safu ya 3: the boy / the girl / me / us
Safu ya 4: a mango / a pen / a letter

Jedwali hili dogo huzaa sentensi 144, zote sahihi. Kwa darasa lenye watoto wengi na kitabu kimoja kwa watoto kadhaa, ni msaada mkubwa. Kila mtoto anaweza kusema sentensi yake bila kuogopa kuchekwa, na hakuna anayelazimika kurudia ya mwenzake.

Hatua ya tatu (dakika 10). Leta mpango wa pili: "Juma gave a mango to Asha." Kisha uliza, ukinyoosha kidole kwa embe na kwa Asha: "Did Juma give the mango to Asha?" Jibu linalotakiwa ni "Yes, he gave it to her." Usikubali "Yes, he gave." Wala usimkemee anayelisema, sema wewe jibu kamili, naye arudie.

Hatua ya nne (dakika 12). Watoto waandike sentensi tano madaftarini, tatu kutoka katika jedwali na mbili za kujitungia kuhusu nyumbani kwao. Mwalimu apite kati ya madawati akisoma. Sentensi hizo mbili za mwisho ndizo zitakazomwonyesha kama somo limeeleweka.

Somo linalofuata lishughulikie "buy" na "cook" pamoja na "for". "Explain" ifuate baada ya majuma mawili au zaidi. Mtoto anayefundishwa "give" na "explain" kwa siku moja atavichanganya, na kosa hilo litakuwa la mwalimu.

7. Namna ya kusahihisha

Turudi kwa mtoto wetu na daftari lake. Mwalimu afanye nini? Kwanza, ajibu habari aliyopewa: "Oh! They have stolen your exercise book. When?" Kwa jibu hilo mtoto amesikia namna iliyo sahihi, na amejua kwamba alieleweka. Pili, mwalimu aandike kosa lile katika daftari lake la maandalio. Makosa ya watoto ndiyo mwongozo bora wa somo la kesho. Tatu, kesho yake alifundishe darasa zima, bila kumtaja mtoto, kwa kuweka sentensi mbili ubaoni:

Wameniibia daftari.
They have stolen an exercise book from me.

Aulize: "Neno gani la Kiingereza linafanya kazi ya '-i-' katika 'ibia'?" Watoto wa darasa la tano wanaweza kulipata jibu. Hapo aongeze sentensi ya tatu, "Nimeibiwa daftari", ambayo wengi huitafsiri "I have been stolen an exercise book." Katika Kiingereza aibwaye ni daftari, si mtu: "My exercise book has been stolen."

Baadhi ya walimu huona vibaya kutumia Kiswahili katika kipindi cha Kiingereza. Ni kweli kwamba kipindi kikijaa Kiswahili mtoto hatajifunza Kiingereza. Lakini dakika mbili za kulinganisha lugha hizi mbili, mahali zinapoachana, huokoa miezi ya kurudia kosa lile lile. Isitoshe, mtoto hujifunza kwamba Kiswahili chake kina utaratibu wake uliokamilika, na kwamba kosa lake lilikuwa na sababu.

8. Hitimisho

Kitenzi ndicho nguzo ya sentensi ya Kiingereza, lakini nguzo pekee si nyumba. Mwalimu anayefundisha vitenzi 50 pamoja na maneno yaandamanayo navyo amefanya zaidi ya anayefundisha vitenzi 300 kwa orodha. Naye anayesikiliza kosa la mtoto na kuuliza limetoka wapi atalisahihisha bila kuvunja ulimi wa mtoto.

Mazoezi kwa wanachuo

1. Tafsiri kwa Kiingereza, kisha eleza kiambishi cha kutendea kimekuwa neno gani: (a) Bibi alitupikia wali. (b) Watoto walimkimbilia baba yao. (c) Amenifungia mlango kwa nje.
2. Panga vitenzi hivi katika makundi matano ya sehemu ya 3: "borrow", "lend", "belong", "describe", "fall", "thank".
3. "Borrow" na "lend" vyote huhusiana na "kuazima". Tunga sentensi mbili za kuonyesha kihusishi kinachofuata kila kimoja.
4. Tunga jedwali la kubadilishia maneno kwa ajili ya "listen to", "look at" na "wait for". Hakikisha kwamba kila sentensi inayopatikana ni sahihi.
5. Katika mazoezi yako yajayo ya kufundisha, kusanya makosa kumi ya vitenzi kutoka katika madaftari ya watoto. Kando ya kila kosa andika sentensi ya Kiswahili ambayo unadhani mtoto alikuwa nayo kichwani.